Naomba ushauri: mwanamke kuwa mudir wa madrasa

Assalaam aleikum ndugu na dada zangu. Nafundisha madrasa hapa Mumias. Mudir wetu, yaani mkuu wa madrasa, anahama na wazazi wengi wananitaka nishike nafasi yake. Walimu wengi ni wanawake, lakini kwenye kamati ya msikiti hatuna hata mmoja. Baadhi ya wazee wanasema mwanamke afundishe, asiongoze.

Nimewaeleza kwamba siombi uimamu. Ni kupanga masomo, walimu na ada. Nimewakumbusha Bi Aisha, mke wa Mtume, ambaye masahaba walimwendea kumuuliza mambo ya dini. Pia Nana Asma'u wa Sokoto (Nigeria ya leo), aliyewaandaa wanawake wakafundishe wenzao vijijini katika karne ya 19, na Rahmah El Yunusiyyah, aliyefungua shule ya dini ya wasichana huko Padang Panjang, Indonesia, mwaka 1923. Walinisikiliza kwa heshima, msimamo ukabaki ule ule. Inaniuma, maana wasichana wetu wakiingia sekondari wengi huacha madrasa.

Je, kuna anayejua madrasa Kisumu, Nakuru au kwingineko inayoongozwa na mwanamke, na walikubaliana vipi na kamati? Na je, nimwombe sheikh wa nje azungumze na wazee, au nitawaudhi zaidi?

Jazakumullahu khairan.