Naombeni ushauri: nataka kumpeleka mama Maporomoko ya Victoria mwezi Novemba

Muuguzi_Mbeya
Wakuu, habari za jioni. Marehemu baba alikuwa fundi wa reli ya TAZARA. Kila akirudi kutoka Kapiri Mposhi, reli inakoishia huko Zambia, alikuwa akimwahidi mama kwamba iko siku atampeleka kuona Maporomoko ya Victoria. Hakujaliwa. Sasa nimejichanga, nataka ahadi hiyo niitimize mimi. Mama ni mtu wa Bagamoyo aliyeolewa huku Mbeya, ana miaka 66, goti moja linamsumbua ila anatembea. Likizo yangu ni wiki mbili za katikati ya Novemba na haisogezeki. Tutavuka Tunduma kwa basi. Je, tukae upande wa Zambia au wa Zimbabwe? Natanguliza shukrani.

Msafiri_Kusini
Mkuu, Mungu akubariki kwa moyo huo. Ila nikwambie mapema usije ukaumia: Novemba upande wa Zambia maji hukaribia kukauka. Zambezi hufurika kati ya Machi na Mei, kisha hupungua mpaka Oktoba na Novemba. Mimi nilifika Livingstone, mji wa upande huo wa Zambia, mwishoni mwa Oktoba. Maporomoko yana upana wa mita 1,700 na ushei, lakini pale niliposimama niliona ukuta wa mwamba mweusi na vijito viwili vitatu vikichuruzika. Jina la wenyeji ni Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma. Siku ile sikuona moshi wala kusikia ngurumo. Nilisikitika sana.

Upande wa Zimbabwe maji hayakatiki mwaka mzima. Kwa hiyo laleni Livingstone mkipenda, lakini siku ya kutazama vukeni daraja. Tena daraja lenyewe ni la 1905, reli inapita juu ya korongo. Mke wa fundi wa reli atalielewa kuliko sisi sote.

MamaWawili
Dada au kaka, kwa goti la mama usimshushe ile njia ya kwenda Boiling Pot, ni ngazi na mawe mpaka chini. Zimbabwe njia ni tambarare, atatembea polepole na kupumzika.

Mtanzania hahitaji viza Zambia. Beba kadi ya homa ya manjano. Pesa badilisheni benki au duka rasmi: mimi nilimpa kijana aliyenifuata mpakani, akanihesabia kwacha harakaharaka, kufika gesti nikakuta pungufu. Na mrudishe saa nyuma kwa saa moja, msije mkachanganya muda wa basi.

Mzee_wa_Nakonde
Mwanangu, nimefanya biashara barabara hiyo miaka mingi. Kutoka Nakonde, ng'ambo ya Tunduma, mpaka Lusaka ni kama kilomita 1,000, halafu Livingstone karibu 480 nyingine. Usimkalishe mama kwenye basi moja kwa moja. Katisha safari, na Novemba pa kukatishia ni hifadhi ya Kasanka.

Ukishapita Mpika, kabla ya Serenje, kuna njia panda ya kwenda Mansa. Ingia huko zaidi kidogo ya kilomita 50. Kuanzia Oktoba hadi Desemba, popo wala matunda wanakuja kutoka upande wa Congo, makadirio yanafika milioni 10, wote kwenye kipande kimoja cha msitu wa bwawani. Wanafuata makusu na matunda mengine ya mvua za kwanza. Magharibi anatoka mmoja, wanafuata kumi, ukigeuka kumwambia mwenzio mbingu imeshajaa. Alfajiri wanarudi, utasikia matawi yakikatika kwa uzito wao. Kuna dungu juu ya mti, lakini ni la kupanda kwa ngazi ndefu; mama abaki chini, atawaona vilevile.

Na kwa kuwa ni mtu wa Bagamoyo: karibu na hapo, kijijini kwa chifu Chitambo, ndipo alipofariki yule mvumbuzi David Livingstone mwaka 1873. Watumishi wake Chuma na Susi na wenzao wakaubeba mwili wake kwa miguu mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Kuna mnara wa kumbukumbu.

Muuguzi_Mbeya
Nimemsomea mama majibu yote. Habari ya popo aliisikiliza kimya. Nilipofika kwa Chuma na Susi akaniambia nirudie. Utotoni alikuwa akipita kila siku pale misheni, kwenye mnara wa kanisa ulipolazwa mwili ule. Amesema kwanza kwa Chitambo, maporomoko baadaye. Mzee, gari la kutufikisha huko nilitafute wapi?

Mzee_wa_Nakonde
Shukeni Serenje, mlale. Asubuhi kodini teksi ya siku nzima, mpatane bei kabla hajawasha gari. Kasanka wapigie wiki kadhaa kabla, Novemba vyumba huwahi kujaa. Na Serenje mpeleke mama stesheni. Treni ya baba yako ilikuwa inasimama pale.