MTB ya mtumba ya miaka ya 90: nianze kurekebisha nini kabla ya kuipandisha mlimani?

TandikoGumu
Habari wakuu. Nimechukua baiskeli ya mlima ya mtumba: fremu ya chuma, ringi za inchi 26, gia tatu mbele na saba nyuma, foki ngumu isiyo na springi, na zile breki za zamani zenye waya unaogawanyika juu ya tairi. Nataka kuitumia kwenye njia za vumbi na mawe juu ya Arusha, pande za Ng'iresi na Ilkiding'a, na siku nyingine nishuke tambarare za Monduli. Fundi anashauri nibadilishe gia zote na kuweka foki ya springi. Hela haitoshi vyote. Nianze na kipi? Na ni kitu gani hasa huwaangusha wanaoanza na baiskeli za aina hii?

GololiRobo
Mkuu, gia ziache kwanza. Gia mbovu inakuchelewesha tu, vinavyovunja watu meno ni vingine.

Kabla hujatoa hata mia, kagua fremu. Igeuze, pitisha kidole chini ya bomba linaloshuka kutoka kwenye usukani kwenda kwenye pedali, hasa zile sentimita tano sita za mwanzo. Ukikuta rangi imepasuka kwa kukatisha, au chuma kina kikunjo, hiyo iligonga kitu uso kwa uso huko ilikotoka. Ya sokoni iendeshe, mlimani usiipeleke. Foki nayo itazame kwa ubavu. Miguu ikiwa imerudi nyuma kuelekea pedali, ni ajali ileile.

Halafu nenda gurudumu la nyuma. Kama zile gia saba ni friwili, yaani fungu la gia linalokazwa kwa nyuzi kwenye habu (kitovu cha gurudumu), si kaseti, yaani gia za kuchomekwa, hapo ndipo ulipo ugonjwa sugu wa baiskeli hizi. Gololi za upande wa kulia zinakaa ndani, nyuma ya friwili, na ekseli inatokeza nje kipande kirefu bila kushikwa na chochote. Kila ukidondoka kutoka kwenye jiwe, uzito wako wote unalala kwenye kipande hicho. Kupima ni rahisi: toa gurudumu, shika ncha ya ekseli, zungusha polepole. Ncha ikichora duara badala ya kutulia palepale, imepinda. Usikubali inyooshwe kwa nyundo, maana iliyowahi kupinda ndiyo inayokatika. Ekseli mpya ni bei ndogo.

Ukishaifungua, badilisha na gololi. Kwenye habu nyingi za baiskeli hizi, nyuma ni 9 kila upande, za robo inchi. Mbele ni 10 kila upande, za inchi 3/16. Kuna mafundi wanaosukumiza ya kumi kule nyuma kwa kuwa wameona kanafasi. Kale kanafasi kanatakiwa. Zikijazana zinasuguana zenyewe kwa zenyewe na koni, ile nati inayobana gololi, inaanza kuchimbika. Na kama gurudumu linabanwa kwa kishikio cha kukunja, koni ziache na mchezo kidogo mno, kwa sababu kishikio kikibana kinaiminya ekseli na ule mchezo unapotea. Ukikaza hadi mwisho gurudumu likiwa nje, ukilirudisha kwenye fremu litakuwa zito.

WayaMkuu
Breki ndiyo itakayomrusha mtu, tena ya mbele. Kwenye kantileva, yaani hizo breki zako, waya mkuu unashuka kutoka kwenye usukani na kushika kipande cha waya kinachounganisha mikono miwili, na kipande hicho kinapita juu kidogo tu ya tairi. Sasa waya mkuu ukikatika, au nati yake ikiachia, kile kipande kinadondoka kwenye tairi lenye meno. Meno yanakidaka, gurudumu la mbele linafunga ghafla, na wewe unapita juu ya usukani. Ndiyo maana ni vizuri pawe na bano la rifleta pale mbele: likifungwa mahali pake, linadaka waya kabla haujafika kwenye tairi. Watu wanaling'oa baiskeli ipendeze. Kama yako haina, tafuta lingine au funga madigadi ya mbele. Na waya mkuu wa zamani usiuhurumie, weka mpya, na nati yake ikaze kwa spana mbili, moja inashika na nyingine inakaza.

Raba za breki za kantileva zina tabia ya kushuka kadiri zinavyoisha, kwa sababu mkono unazunguka kwa kuinama. Zisipoangaliwa zinateleza chini ya ringi na kuingia kwenye spoki. Kwa hiyo zifunge karibu na ukingo wa juu wa ringi, zikiacha milimita moja tu ili zisikwaruze tairi. Ncha ya mbele ya raba iguse ringi kwanza, milimita moja kabla ya nyuma. Zikigusa kwa pamoja zitapiga kelele mtaa mzima.

Ukitaka kuhamia breki za V, zile za mikono mirefu zisizo na kipande cha waya juu ya tairi, mikono yake inaingia kwenye vile vile vichuma vya fremu, lakini vishikio vya usukanini navyo vibadilishwe. Breki ya V inataka waya uvutwe karibu mara mbili ya kantileva. Ukiacha vishikio vya zamani, vitagonga usukani kabla breki haijashika sawasawa.

ChumaKitupu
Foki ya springi: hapana. Fremu ya enzi hizo ilichorwa kwa foki ngumu yenye urefu wa karibu milimita 400. Ukiweka ya kisasa yenye springi inayobonyea milimita 100, mbele kunanyanyuka sana, usukani unayumba kwenye kupanda, na bomba la mbele linabebeshwa mzigo ambalo halikutengenezewa. Za bei poa ni nzito na zikiingia vumbi zinakwama.

Wale vijana wa Marin, California, walipoanza mbio za kushuka njia ya Repack mwaka 1976, walikuwa wanatelemka karibu mita 400 ndani ya kilomita tatu na ushee kwa baiskeli nzito za zamani, foki ngumu, na breki ya kurudisha pedali nyuma iliyochemka mpaka grisi ya habu ikatoa moshi. Joe Breeze alipounda fremu yake ya kwanza ya mlima mwaka 1977, foki ilibaki ngumu. Breki na gia ndizo zilizobadilika. Mpangilio huo wa kutumia hela bado una akili.

TandikoGumu
Ahsanteni sana. Fremu iko safi, ekseli ya nyuma kweli inachora duara. Swali la tairi: dukani wananipa 26 x 1 3/8 wanasema inchi 26 ni inchi 26. Na upepo nijaze kiasi gani? Fundi anajaza mpaka tairi lilie kama ngoma.

Mbigili
Usinunue hiyo. Soma namba ndogo ubavuni mwa tairi. Ringi yako ni ya 559, yaani kipenyo cha milimita pale tairi linapokaa (namba ya kwanza ni upana wa tairi), kwa hiyo tafuta 50-559 au 54-559, na kama fremu ni finyu chukua 47-559. Ile ya 1 3/8 ni 590, itakaa imelegea na kuchomoka.

Upepo wa ngoma ni wa lami. Kwenye mawe tairi gumu linaruka badala ya kushika, na mbele kukiruka kwenye kona umeshalala chini. Kwa mtu wa kilo 70 na tairi la inchi 2.1, anza na psi 32 mbele na 36 nyuma, kisha punguza au ongeza mbili mbili. Tyubu itakwambia yenyewe: ukipata matundu mawili sambamba, upepo ulikuwa mdogo na jiwe limeibana kwenye ringi. Tundu moja dogo ni mwiba. Huko Monduli kuna migunga na mbigili, hivyo beba tyubu ya akiba, viraka, na koleo ndogo ya kung'olea. Usiweke tyubu mpya kabla hujapitisha kitambaa ndani ya tairi lote. Kitambaa kitanasa palipo na mwiba, kidole kitachomwa. Gundi ya kiraka iache ikauke mpaka isinate kidoleni, ndipo ubandike. Wengi wanabandika ikiwa mbichi, halafu wanasema kiraka ni feki.

Kuhusu kushuka: teremsha kiti sentimita tano hadi nane, pedali zilale sawa, matako nyuma ya kiti, na breki ya mbele ishikwe kwa kidole kimoja au viwili. Punguza mwendo kabla ya kona. Lile vumbi laini la mteremkoni linaficha mawe, ukibana breki ya mbele huku umekata usukani, gurudumu linateleza kwa ubavu na hakuna cha kurekebisha.

GololiRobo
Nyongeza moja. Ukianguka ubavu wa kulia, usipande moja kwa moja. Simama nyuma ya baiskeli uangalie kile kimkono cha gia kinachoning'inia: kama kimeinama kuelekea spoki, usiingize gia kubwa kabisa, kitazama kwenye spoki na kung'oka pamoja na sikio la fremu, pale kimkono kinapofungwa. Rudi na gia za katikati. Nyumbani, kwa kuwa fremu yako ni chuma, sikio linanyooshwa taratibu kwa spana ndefu. La alumini huwa linakatika. Baada ya hapo kaza skrubu yenye herufi L kwenye kimkono hicho mpaka cheni ipande gia kubwa bila kuruka upande wa spoki.