Filta ya wazi imenivuruga kabureta, naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Pikipiki yangu ni cc 150, nabebea abiria Arusha mjini hadi Ngaramtoni. Wiki iliyopita nilitoa boksi la filta ya hewa nikafunga filta ya wazi (mlio ndio ulinidanganya). Sasa kwenye mlima haina nguvu, nikiachia mafuta sailensa inapiga risasi, na plagi imekuwa nyeupe, yaani hewa imezidi mafuta.

Nimecheza na skurubu ya hewa, nikapandisha sindano ya kabureta alama moja ili mafuta yaongezeke. Ikisimama inatulia, lakini mlimani bado. Fundi mmoja anataka tuongeze saizi ya jeti kubwa (kile kitundu cha kabureta kinachopitisha mafuta ukivuta sana), mwenzake anabisha kwamba huku mita 1,400 hewa ni nyepesi na haihitaji mafuta mengi, jeti ya zamani inatosha.

Jeti kubwa iliyopo ni namba 105. Niende 110 au 115? Na jeti ndogo (ya sailensi) niiguse?