Nusu fainali tumeponea chupuchupu: fainali nimpange vipi mchezaji mrefu?

Wanamichezo wenzangu, timu ya mpira wa kikapu ya shule ninayoifundisha ilipita makundi na robo fainali bila shida, lakini jana tulishinda kwa pointi moja tu baada ya mchezaji wetu mrefu kupata faulo ya nne mapema katika robo ya tatu. Fainali ni kesho, na vijana wamecheza siku tatu mfululizo. Je, nimwanzishe au akae benchi kwanza?

Jibu la 1: Mwalimu, mwanzishe, kwa kuwa faulo za jana hazihesabiwi kesho. Kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, mchezaji hutoka kwa faulo ya 5, na mara nyingi anayezipata haraka ni yule aliyechoka: miguu inachelewa, mkono unatangulia. Cheza ulinzi wa kanda, yaani kila mmoja alinde eneo lake badala ya kumfuata mtu, ili abaki chini ya kikapu.

Jibu la 2: Nakubaliana kuhusu kanda, ila mimi ningemwanzisha kisha nimpumzishe mwishoni mwa robo ya kwanza, hata akiwa anang'ara. Kumbukeni pia kwamba kuanzia faulo ya 5 ya timu katika robo moja, wapinzani hupewa mitupo huru 2. Mitupo huru yenu ya jana je, ilikuwaje?

Muuliza swali: Tulikosa saba, na karibu yote iligonga ukingo wa mbele wa ringi.

Jibu la 2: Hayo ni magoti yaliyochoka, Mwalimu, ndiyo maana mpira haufiki. Leo wasikimbie kabisa. Warushe mitupo michache, kisha walale mapema.