Naomba ushauri: kwaya ya mtaa, alto wanahamia soprano

Wadau, habari zenu. Hapa Maweni, Malindi, tumeanzisha kwaya ya mtaa. Si ya kanisa wala ya shule: wamo mama karanga, madereva wa tuktuk, mwalimu wa chekechea na mabinti waliozoea kasida tangu madrasa. Nyimbo za dini tumeziweka kando kwanza, tunaimba za harusi na za Kigiriama ambazo wengi wanazo kichwani.

Shida ni sauti. Alto, yaani sauti ya chini ya wanawake, wakifanya mazoezi peke yao wanashika vizuri. Soprano, wale wa sauti ya juu, wakiingia tu, wote wanahamia huko kama abiria walioona matatu tupu. Mwalimu anataka tusome solfa, yaani noti zilizoandikwa kwa herufi, d r m f (do re mi fa) ubaoni. Wazee wanasema wimbo hushikwa kwa sikio. Kwa sasa naona wazee wana haki, lakini wimbo mpya wa sauti nne tutaujuaje bila solfa?

Kinanda hatuna. Noti ya kuanzia tunaitoa kwenye simu, na tukifika ubeti wa tatu tumeshapanda mpaka wanaume wa tenor, sauti ya juu ya kiume, wanakunja shingo. Besi, wale wa sauti nzito ya kiume, wenyewe ni wavuvi. Kaskazi ikitulia hawaonekani.

Mliowahi kuanzisha kwaya, mlianza na sauti mbili au nne? Alto mliwatenganishaje, kwa kuwaketisha mbali au kuwaweka karibu na besi? Na ada ya mwezi mlipanga shilingi ngapi bila kufukuza watu? Ukumbi tunapewa bure, ila feni zake zinatushinda kwa kelele.