Macintosh Classic, 486 au Amiga 500? Nisaidieni kuchagua

Kiwembe_KLA
Salaam wakuu. Nataka kompyuta ya zamani ya mezani niifufue mwenyewe. Zipo tatu. Macintosh Classic ya Apple, iko kwa mzee aliyefunga duka la uchapaji Nasser Road hapa Kampala. 486, yaani PC ya zamani yenye chipu ya Intel 486, iko Jinja, sanduku tu, haina kibodi wala skrini. Halafu Amiga 500 ya Commodore, shemeji yuko London, anaweza kuja nayo Desemba. Nichukue ipi? Mzee anataka jibu kabla ya Jumapili.

Fundi_wa_Ndeeba
Zinawaka? Una shilingi ngapi? Za kuchezea, kuandikia au kupamba sebule? Ssebo, unauliza kama mtu anayechagua nyanya. Igeuze hiyo Macintosh, tupigie picha kibandiko cha volti. Kikisema 120 peke yake, ujue ilitoka Marekani, na umeme wetu ni 240. Ukiichomeka utasikia harufu kwanza.

NambaMbili
486, hata usijiulize. Inakubali skrini yoyote yenye plagi ya VGA. Diski ikifa unaweka kadi ya kumbukumbu ya CompactFlash kwenye adapta ya IDE, ile plagi ya diski, mambo yanaendelea, ila BIOS (programu ya kuwashia mashine) nyingi za wakati ule hazioni zaidi ya MB 504. Ukirudisha zile plagi mbili za umeme kwenye bodi, nyaya nyeusi zikutane katikati. Ukizigeuza, umeiua.

MamaPacha_Jinja
Mimi nasema Macintosh. Shika vitufe vya Command, Option, X na O unapoiwasha, itaamka na mfumo wake wa System 6.0.3 uliomo ndani ya ROM, chipu isiyofutika, hata kama diski imekufa. 486 yako haifanyi hivyo. Ni mashine ya 1990, chipu 68000 ya MHz 8, skrini ya inchi 9 ya nyeusi na nyeupe. Ukiona imejaa mirabaraba badala ya picha, kapasita zimevuja, zinabadilishwa.

NambaMbili
Ikishaamka utafanya nayo nini? Kumbukumbu mwisho wake MB 4.

MamaPacha_Jinja
Naandika. Haina WhatsApp, ndiyo raha yake.

Ziwani_Entebbe
Mbona Amiga mnairuka? Ya Uingereza ni ya mfumo wa tivii wa PAL, inakula 240, na plagi yake ya miguu mitatu inaingia kwenye soketi zetu bila adapta. Shida ni picha. Ile tundu ya video inatoa nyeusi na nyeupe tu. Ukitaka rangi lazima upitie RGB, nyekundu, kijani na bluu kila moja na waya wake, na tivii za sasa hazina SCART, soketi ya kuipokea. Kama ina kumbukumbu ya ziada tumboni, shemeji aifungue aangalie kama betri ya humo haijavuja.

Arua_Kwetu
Betri! Ngoja niwasimulie. Nilinunua 386, ile iliyotangulia 486, kutoka stoo ya ofisi moja iliyokuwa inahama. Muuzaji aliiwasha mbele yangu, ikahesabu kumbukumbu vizuri, nikalipa. Kuifikisha nyumbani, kibodi haisomi. Nikabadilisha kibodi, bado. Nikafungua: ile betri ya kuchaji ya NiCd (nikeli na kadimi) ya mviringo iliyolehemiwa kwenye bodi imetoa ukungu wa kijani, umetambaa hadi kwenye chipu ya kibodi na kula njia za shaba. Nikampelekea fundi mmoja mjini wa kutengeneza simu. Akasema kazi ya jioni moja. Akaisugua kwa bisibisi, akaipiga hewa ya moto mpaka vikalio vya shaba vikang'oka pamoja na chipu, halafu akanirudishia chipu kwenye kikaratasi kama jino. Hela alishachukua. Muuzaji naye akasema kwake iliwaka, kwa hiyo hanijui. Lile sanduku mama watoto anawekea mbegu za maharage.

Fundi_wa_Ndeeba
Pole sana. Majimaji ya NiCd ni alkali, kwa hiyo unaanza na siki kidogo, kisha maji safi, kisha spiriti, ndipo uguse lehemu. Kiwembe, hiyo Macintosh nayo ina betri ya lithiamu ya volti 3.6. Muombe mzee aitoe kabla hujalipa. Utahitaji bisibisi ndefu ya Torx T15, ile ya ncha sita, na usitie mkono nyuma ya ile tyubu ya skrini kama hujui kuondoa umeme wake. Shingo ya tyubu nayo inavunjika kirahisi.

Kiwembe_KLA
Asanteni. Mzee anasema ilikuwa inawaka. Ila imekuwa njano kabisa, inatoka?

MamaPacha_Jinja
Inatoka. Chukua ile krimu ya saluni ya kugeuza nywele rangi, ya asilimia 12, paka, funika kwa nailoni, weka juani. Geuzageuza, la sivyo itatoka na mabaka.

NambaMbili
Na baada ya muda inarudi njano. Plastiki yenyewe ndiyo imebadilika. Acha ionekane ina umri.

MamaPacha_Jinja
Kwa hiyo na wewe mvi hupaki?

NambaMbili
Sina nywele.

Ziwani_Entebbe
Turudi kwenye mada. Shemeji alete Amiga.

Arua_Kwetu
Forodha je? Sheria ya Fedha ya 2009 ilikataza kuingiza friji, tivii na kompyuta zilizotumika.

Ziwani_Entebbe
Hiyo ilikuwa ya makontena, huyu analeta moja kwenye begi.

Arua_Kwetu
Sheria haikusema makontena. Aulize URA, mamlaka ya mapato, kabla shemeji hajapanda ndege, asije akaiacha uwanja wa ndege Entebbe.

Fundi_wa_Ndeeba
Kiwembe, "ilikuwa inawaka" lini?

Kiwembe_KLA
Kabla hajafunga duka.

Fundi_wa_Ndeeba
Alifunga lini? Na kibandiko kinasemaje? Na bajeti?

Kiwembe_KLA
Kibandiko kimechunika. Nitamuuliza hayo mengine. Anasema kuna na printa, nikichukua vyote ananipunguzia.

MamaPacha_Jinja
Printa gani? Kama ni ImageWriter, ile ya Apple, naitaka mimi, Macintosh baki nayo.

NambaMbili
Na kama 486 huichukui nitumie namba ya huyo wa Jinja. Ina nafasi ngapi za kadi za ISA?