Nyumba zimekwenda na maji, meneja anataka wote kazini Jumatatu

karani_kinu
Wakubwa shikamooni, wengine hamjambo. Tuna kinu cha kusaga mahindi na kukoboa mpunga karibu na mto Namatala, Mbale, Uganda. Tuko watu 38. Mafuriko hayakugusa mashine, lakini 14 kati yetu nyumba zimeingia maji au zimebomoka, na wawili wamefiwa. Meneja anasema asiyefika Jumatatu ni mtoro. Nimjibu nini, na nianzie wapi? Fedha ni kidogo.

dada_mishahara
Tarehe moja kwa watu 14 ndilo kosa lenyewe. Aliyeingiliwa na matope anahitaji siku mbili tatu za kutoa godoro nje na kusafisha. Aliyebomokewa anatafuta chumba cha kupanga. Aliyefiwa ni habari nyingine kabisa. Leo chukua daftari, mpigie kila mmoja, uliza mambo matatu tu: mko salama wote? Mnalala wapi usiku huu? Kipi kinakuzuia kutoka nyumbani? Usiulize "unarudi lini". Ukiuliza hivyo utaambiwa Jumatatu kwa woga, na Jumatatu humwoni.

Majibu yatakushangaza kwa udogo wake. Mmoja hana viatu. Mwingine hana wa kumwachia mtoto kwa kuwa shule inalaza waliohamishwa. Hayo yanamalizwa kwa shilingi chache.

Halafu mshahara, kabla ya maneno ya pole. Lipeni siku walizokwisha fanya sasa hivi, msingoje mwisho wa mwezi. Hapa ndipo wengi hukwama: mnalipa kwa simu, na simu imekwenda na maji. Ili apate laini yake tena, wakala atataka kitambulisho cha taifa, nacho kimezama. Lakini faili lako la ajira lina nakala yenye namba yake, NIN. Toa nakala kwa kila mmoja, aende nayo ofisi ya wilaya ya NIRA, mamlaka inayotoa vitambulisho. Ada ya kadi iliyopotea, kampuni iilipe. Kwa sasa mpe taslimu, asaini mbele ya mashahidi wawili. Usitume kwa "namba ya shemeji" bila maandishi yake, maana ugomvi wake hauishi.

Mkopo wa mshahara uwe mdogo na makato yachelewe. Laki 3, kwa mfano, ikatwe 50,000 kwa miezi 6, kuanzia mwezi wa tatu baada ya kukopa. Mkianza kukata mwezi ule ule, mmemnyang'anya kwa mkono wa kushoto. Na msimwambie kijana akachukue akiba yake ya uzeeni NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii: sheria ya 2022 inampa asilimia 20 mwenye miaka 45 na zaidi aliyechangia angalau miaka 10.

Kuhusu utoro, mwambie meneja Sheria ya Ajira ya 2006 inataka mtu aelezwe kosa na asikilizwe kabla ya kuachishwa. Likizo ya mwaka ni siku 7 kwa kila miezi 4 ya kazi, kwa hiyo wengi wana siku ambazo hawajazitumia. Ila msiwakate zote kimyakimya. Mkubaliane kwa maandishi.

fundi_salama
Nyongeza ya kinu. Mtu aliyepata usingizi wa masaa matatu tu kwenye sakafu ya kanisa asiwekwe kwenye mkanda wala kwenye mdomo wa mashine. Mkono hupotea hivyo. Wiki ya kwanza apewe kupima, kushona magunia au kuandika, saa 4 hadi 5 kwa siku, na zamu ya usiku isiwepo. Wiki ya pili mkae naye tena muongeze.

Mabomba ya maji yakikatika, kama ilivyokuwa Mbale Julai 2022, wekeni pipa la maji safi kazini na kila mtu aende nyumbani na dumu. Kidonge cha klorini cha miligramu 67 kinatosha lita 20 za maji maangavu. Ngoja dakika 30. Maji yenye tope chuja kwa kitambaa kwanza, kisha weka viwili. Wanaosafisha nyumba wapewe gambuti na glavu, na umeme usiwashwe mpaka fundi akague soketi.

jirani_wa_wanale
Mimi naona mngewakusanya wote na mshauri nasaha, kila mmoja aeleze aliyoyaona, roho ipoe.

muuguzi_elgon
Hapana ndugu yangu, hilo hasa ndilo la kuacha. Shirika la Afya Duniani halipendekezi kumsimulisha mtu tukio mara baada ya janga. Wengine huumia zaidi. Asiyetaka kusema aachwe. Msimamizi aangalie, asikilize, aunganishe na msaada, basi. Kukosa usingizi na kushtuka wiki za mwanzo ni kawaida, wengi hutulia. Ikipita mwezi na bado hali chakula wala hapati usingizi, au kileo kimezidi, mpelekeni kitengo cha afya ya akili hospitali ya rufaa ya Mbale. Akitaja kujiua, ni leo hii, na asiachwe peke yake.

Mvua ikianza kunguruma tena mtaona watu wanachungulia mlangoni. Ruhusuni kila mtu apige simu nyumbani, na mteue mmoja wa kutazama mto.

karani_kinu
Asanteni sana. Mmoja wa waliofiwa, ndugu yake hajapatikana kwenye maporomoko ya ardhi. Meneja anadai kibali cha mazishi ndipo ampe siku.

dada_mishahara
Hatakipata, kaka. Mlima ulipoporomoka Nametsi kule Bududa, mwaka 2010, wengi hawakufukuliwa kamwe. Pokeeni barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji. Siku zake zigawanywe: chache sasa, nyingine zibaki akiba kwa siku mwili utakapopatikana au ukoo utakapoamua kumaliza matanga. Na muulize mapema kama familia imeandikishwa kuhamia Bunambutye, kwenye makazi ya serikali ya waliotolewa milimani. Kama ndiyo, mjadala wenu ni nauli na zamu, si utoro.